Uzi: Bendi ya WITCH ya Zambia ilikufa mwaka 1977, au bado ipo?

#1 Mwanasanturi
Wakuu, heshima kwenu. Kuna jambo ambalo naona linapotoshwa kila inapozungumziwa WITCH, bendi kubwa kuliko zote katika roki ya Zambia, ile tunayoiita Zamrock. Dai langu ni kwamba bendi hii ilikwisha mwaka 1977, pale mwimbaji wake Emanyeo Chanda, maarufu kwa jina la Jagari, alipoondoka. Kilichofuata kilirithi jina tu.

Kwa wasioifahamu, WITCH ilitokea Kitwe, katika Ukanda wa Shaba, eneo la migodi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kikosi kilichoipa sifa kilikuwa na Jagari kwenye uimbaji, Chris Mbewe kwenye gitaa la solo, John Muma kwenye ridhimu, Gedeon Mwamulenga kwenye besi, Paul Mumba kwenye kinanda na Boidi Sinkala kwenye dramu. Walitoa albamu ya Introduction, kisha In the Past mwaka 1974, Lazy Bones!! mwaka 1975, Lukombo Vibes mwaka 1976 na ile iliyobeba jina la bendi mwaka 1977. Sikilizeni Lazy Bones!! kwa makini: gitaa la Mbewe limepitishwa kwenye vifaa vya kukwaruza na kupinda sauti mpaka noti moja inajaza chumba kizima, huku besi ikiendelea na safari yake kana kwamba haikusikia fujo iliyo juu yake. Halafu wekeni Movin' On ya mwaka 1980 au Kuomboka ya mwaka 1984, ambazo ni disko na fanki tupu, mkaniambie kama hiyo ni bendi moja.

#2 Besi la Zamani
Mwanasanturi, nakuheshimu, lakini hoja yako ni ya mnunuzi wa santuri, si ya mpigaji. Mimi nimepiga dansi kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, na kwetu bendi haifi kwa sababu mwimbaji ameondoka. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Jina limebadilika, waimbaji wamebadilika, waliofariki ni wengi kuliko waliobaki, na hakuna mtu anayekwenda ukumbini akauliza kama ile ndiyo bendi yenyewe. Bendi ni mtindo, vyombo na ratiba ya mazoezi. Mwimbaji akihama Jumatatu, Jumamosi kuna mwingine kwenye kipaza sauti.

#3 Chipukizi wa Mbeya
Shikamooni wakubwa. Mimi nimefika huku kupitia wimbo wa Tyler, The Creator wa mwaka 2024 uliochukua kipande cha roki ya Zambia chenye maneno ya Kinyanja. Je, hao ndio WITCH?

#4 Kitabu Wazi
Marahaba. Hapana, hicho ni kipande cha Ngozi Family, bendi ya Paul Ngozi, ambaye alifariki mwaka 1989. Alikuwa na gitaa chafu na zito kuliko la Mbewe, na aliimba mambo ya mtaani kwa lugha ya mtaani. Wengine wa Zamrock ni Amanaz, Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, Keith Mlevhu na Chrissy Zebby Tembo. WITCH ndio waliokuwa na jina kubwa zaidi majukwaani.

Nimsaidie pia Mwanasanturi, ambaye ameruka mwaka wa Introduction. Kuna wanaoandika 1972 na kuna wanaoandika 1973, lakini wote wanaitaja miongoni mwa albamu ndefu za kwanza kabisa za roki nchini Zambia.

#5 Binti Nkana
Habari za humu. Nimezaliwa Tunduma lakini nimelelewa Kitwe na mama mkubwa, ambaye ujana wake wote ulikuwa kwenye maonyesho ya bendi hizi, kwa hiyo mniruhusu niongeze jambo ambalo halipo kwenye majalada ya albamu.

Mama mkubwa anasema watu hawakwenda kusikiliza WITCH. Walikwenda kumwona Jagari. Hata jina hilo alipewa na mashabiki kwa kumfananisha na Mick Jagger wa Rolling Stones, nalo likakaa. Alikuwa akipanda roshani ya ukumbi na kujirusha huku wapigaji wakiendelea bila kumtazama. Alivaa suruali pana chini na viatu vya soli nene, na vijana wa migodini walikuwa tayari kutoa sehemu nzuri ya mshahara ili wavae vivyo hivyo. Kwa hiyo ndugu Besi la Zamani, kwa hili namwunga mkono Mwanasanturi. Msondo una waimbaji wengi wanaopokezana. WITCH ilikuwa na kiongozi mmoja mbele, na alipoondoka mlango wa ukumbi uliliona pengo hilo kabla ya sikio.

#6 Shaba na Fedha
Wadau, naona mnajadili mwimbaji kana kwamba nchi haikuwepo. Niliwahi kufanya kazi ya uhasibu Ndola, na nawaambia bendi hizi zililelewa na shaba na zikauawa na shaba.

Zambia ilipata uhuru mwaka 1964, na shaba ilikuwa ikileta zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni. Miji ya migodi ilikuwa na vijana wenye mishahara, kumbi za burudani zilizojengwa na kampuni za migodi, na maduka yaliyouza magitaa na santuri za Ulaya. Mwaka 1973 mpaka wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ukafungwa, na njia ya kawaida ya bidhaa ikafungwa nao. Kati ya mwaka 1974 na 1975 bei ya shaba ikaporomoka. Sasa fikirieni bendi ya watu sita yenye vikuza sauti vya taa za kioo, ambavyo taa zake zikiungua lazima ziagizwe nje kwa fedha za kigeni ambazo serikali yenyewe haina. Jagari hakuiua WITCH. Aliziona dalili mapema kuliko wenzake, akaingia ualimu, na baadaye akahamia uchimbaji wa vito.

#7 Mwanasanturi
Shaba na Fedha, hesabu zako ni nzuri lakini haziendani na santuri. Bei imeporomoka 1974 hadi 1975, na Lazy Bones!!, ambayo ndiyo kilele chao, imetoka 1975. Lukombo Vibes ikafuata 1976. Mtu anawezaje kufa kwa njaa huku ananenepa?

#8 Shaba na Fedha
Uchumi hauui siku hiyohiyo. Kampuni huwa zinalipa mishahara kwa muda kutokana na akiba, na santuri inayotoka leo ililipiwa jana. Angalia walichofanya baada ya mwaka 1977, si kabla yake.

#9 Besi la Zamani
Hapo kwenye #8 naongeza jambo ambalo mpigaji yeyote wa rika langu atalitambua. Adui wa bendi kubwa hakuwa umaskini peke yake. Alikuwa ni mtu mmoja mwenye mashine mbili za santuri. Mwenye ukumbi anayelipa bendi analipa watu sita, wabeba vyombo, usafiri na chakula, na bado solo anaweza kuja amelewa. Disko inakuja na kijana mmoja na sanduku la sahani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jambo hilo lilitugonga hata sisi, ingawa sisi tulijiokoa kwa sababu watu walikuwa wanataka maneno ya Kiswahili na mipasho ambayo sahani ya Marekani haikuwa nayo.

Kwa mtazamo huo, WITCH ya Movin' On haikuwa usaliti. Patrick Mwondela, kijana wa kinanda aliyeingia baadaye, na mwimbaji Shaddick Bwalya walizitazama kumbi, wakaona watu wanataka kucheza, wakawapa cha kucheza. Mwanasanturi anataka bendi ife kishujaa ili santuri zake zipande bei.

#10 Chipukizi wa Mbeya
Nimezisikiliza kwa mpangilio wa miaka kama nilivyoshauriwa kwa ujumbe wa faragha. Mtanisamehe wakubwa, lakini Kuomboka imenikamata kuliko Introduction. Kwenye Introduction naisikia bendi inayojitafuta, uimbaji na gitaa vikigombania nafasi, na kurekodi kwenyewe kunasikika kama kumefanyika kwa haraka. Kwenye Kuomboka kinanda kimetulia, kila chombo kina mahali pake, na jina lenyewe ni la sherehe ya Walozi ya kuhama mafuriko, yaani wamefika mahali pa kutaja cha kwao.

#11 Mwanasanturi
Kijana, ukae mbali na mashine yangu ya santuri.

#12 Tabibu Mstaafu
Nimesoma yote, na nashangaa tumefika hapa bila mtu kutaja jambo lililo wazi kabisa. Wenzake wote watano waliokuwa na Jagari katika kikosi kile cha kwanza walifariki kabla au karibu na mwaka 2001, na imeandikwa mara nyingi kwamba UKIMWI ndio uliowamaliza. Zambia ilitangaza mgonjwa wa kwanza mwaka 1984, mwaka uleule wa Kuomboka. Miji ya Ukanda wa Shaba, yenye reli, migodi na wafanyakazi waliokaa mbali na familia zao, iliumia sana. Dawa za kufubaza virusi zilianza kuwafikia watu wa kawaida bila malipo katikati ya miaka ya 2000, yaani wanamuziki hawa waliikosa nafasi hiyo kwa miaka michache tu.

Kizazi kizima cha wapigaji kilizikwa. Mnajadili kama bendi ilikuwa ileile, ilhali jibu lipo makaburini.

#13 Kitabu Wazi
Pole kwa jambo zito, Tabibu, lakini tutenganishe maswali mawili. UKIMWI hauwezi kueleza lililotokea mwaka 1977, kwa sababu ulikuja baadaye. Unachoeleza ni kwa nini hapakuwa na kurudi. Bendi nyingi za Ulaya zilivunjika miaka hiyohiyo kwa sababu hizohizo za disko na ugomvi, lakini Deep Purple ilipovunjika mwaka 1976 kikosi chake mashuhuri kilikutana tena mwaka 1984. WITCH haikupewa miaka ya kuzeeka na kupatana.

Na kwa kuwa nimeitaja Deep Purple, Mwanasanturi atueleze jambo moja. Hiyo nayo ilianza mwaka 1968 kwa roki ya mang'amung'amu (psychedelic), ikabadilisha waimbaji na wapiga gitaa mara kadhaa, na mtu pekee aliyemo katika vikosi vyote ni mpiga dramu Ian Paice. Hawkwind ya Uingereza imepitisha wanamuziki wengi mno tangu mwaka 1969, na mwanzilishi aliyebaki ni Dave Brock. Je, hizo nazo zimekufa?

#14 Mwanasanturi
Hawkwind haijafa kwa sababu Brock, mwenye nyimbo, yumo. Deep Purple ilibadilika lakini ikabaki katika roki nzito. Kipimo changu ni kwamba, mwenye sauti ya bendi akiondoka na mtindo nao ukaondoka, basi hapo kuna bendi mpya.

#15 Mtu wa Reli
Salamu kutoka Kapiri Mposhi, ingawa kwetu ni Makambako. Naomba niwaongezee jambo la kwetu, kwa sababu uzi huu unaizungumzia Zambia kana kwamba iko mbali.

Ipo bendi iliyoitwa Sunburst, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1970, ikiwa na mwimbaji James Mpungo na mpiga gitaa Hembi Flory Kongo. Walipiga roki ya Kiafrika iliyochanganywa na ngoma za kwetu. Mwaka 1976 walikuwa Zambia, na huko ndiko ilikotoka albamu yao pekee, Ave Africa. Sasa jiulizeni kwa nini bendi ya Dar es Salaam ilienda Zambia kurekodi roki mwaka 1976, wakati ambapo ndugu Shaba na Fedha anasema nchi ile ilikuwa imekwisha. Jibu ni kwamba Tanzania haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri, mwaka 1969 muziki wa soul ulikuwa umepigwa marufuku Dar es Salaam, na redio yetu haikuwa na hamu na gitaa la namna ile. Musi-O-Tunya nao walikwenda upande mwingine, wakaenda Kenya, kwa sababu Nairobi ilikuwa na studio na viwanda. Wanamuziki wa eneo hili walifuata mashine zilipo, na vikosi vilibadilika kwa sababu hiyohiyo. Reli ya TAZARA imebeba magitaa mengi kuliko tunavyokumbuka.

#16 Shaba na Fedha
Mtu wa Reli, sikusema nchi ilikuwa imekwisha mwaka 1976. Nimesema ilikuwa inaishi kwa akiba. Sunburst walifika kwenye karamu wakati sahani zinaanza kukusanywa.

#17 Binti Nkana
Naomba kugusa redio, kwa kuwa Mtu wa Reli ameitaja. Wapo wanaodai kwamba Zamrock iliundwa na Rais Kaunda, alipoagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Mama mkubwa anacheka akisikia hivyo. Agizo lilisema muziki wa Kizambia, halikusema lugha ya Kizambia, kwa hiyo bendi iliyoimba kwa Kiingereza na gitaa la kukwaruza ilipita mlangoni kama kawaida. Bendi zilikuwa zimeanza tayari kwa kupiga nyimbo za wazungu kwa kuzinakili. Agizo liliwapa sababu ya kutunga za kwao.

Lakini mlango huo ulikuwa na upande wa pili. Watu walipozoea kusikia cha kwao, walitaka cha kwao zaidi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kalindula, muziki wa Kizambia wenye asili ya vijijini, ikaanza kuchukua nafasi. Paul Ngozi mwenyewe alielekea huko. WITCH walikuwa wamejijenga kwa Kiingereza zaidi, wakajikuta katikati: si disko ya Marekani, si kalindula ya kijijini. Kwangu hiyo ni sababu kubwa kuliko bei ya shaba.

Jambo jingine ni amri za kutotoka usiku na kuzimwa kwa taa wakati wa vita vya ukombozi vya Rhodesia. Maonyesho yakahamishiwa mchana. Mama mkubwa anasema roki ya saa tisa alasiri, jua likipenya madirishani na watoto wakichungulia, haikuwa roki tena.

#18 Besi la Zamani
Tumepiga madansi ya mchana ya Jumapili miaka yote na watu walicheza hadi viatu vikaisha. Tusilisingizie jua.

Narudi kwa Mwanasanturi na kipimo chake cha #14. Baada ya lebo ya Now-Again ya Marekani kukusanya na kutoa upya kazi zao mwaka 2012, Jagari alirudi jukwaani na jina la WITCH. Leo yumo yeye, yumo Mwondela yuleyule wa enzi ya disko, wamo wanamuziki wa Ulaya kama Jacco Gardner wa Uholanzi kwenye besi, na wamo waimbaji wa Zambia Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo. Mwaka 2023 walitoa Zango, albamu ya kwanza tangu Kuomboka, na mwaka 2025 wakatoa Sogolo. Sasa kwa kipimo chako, bendi iliyokuwa na wapigaji wa Kitwe mwaka 1980 si WITCH, lakini hii yenye besi la Kiholanzi ni WITCH?

#19 Mwanasanturi
Ndiyo. Jagari yumo, na gitaa linakwaruza tena.

#20 Besi la Zamani
Basi useme wazi kwamba kwako bendi ni mtu mmoja na kifaa kimoja cha kukwaruza gitaa kinachokanyagwa kwa mguu.

#21 Kitabu Wazi
Wote wawili mnapitwa na jambo moja kuhusu Mwondela. Yeye ndiye aliyeshika kinanda katika WITCH ya miaka ya 1980, na yeye ndiye anayeshika kinanda leo kando ya Jagari. Ikiwa Jagari mwenyewe amemkubali kama mwenzake halali, sisi ni nani wa kuikataa bendi aliyoijenga Mwondela? Upande wa pili, Besi la Zamani naye ana deni. Msondo haukusimama karibu miaka 30 kisha ukafufuliwa na wageni walioupenda kupitia santuri. Hali hiyo haina mfano katika dansi yetu, na kanuni ya "mwimbaji akihama yupo mwingine" haiifikii.

#22 Tabibu Mstaafu
Na wageni hao wasingekuwa na nafasi ya kuingia kama wenyeji wangekuwa hai. Nasisitiza.

#23 Shaba na Fedha
Sijaona mtu aliyeuliza fedha za santuri za zamani zilikwenda wapi. Katika miaka ya 1980 kanda zilinakiliwa kwenye kila kibanda kuanzia Lusaka hadi Kariakoo, na hakuna mpigaji aliyeona mrabaha. Binamu yangu alikuwa na kibanda cha namna hiyo Nakonde. Kanda tupu aliinunua, akairekodi mbele yako ukiwa umekaa kwenye benchi, akaandika jina kwa kalamu, mara nyingi amekosea. Ndiyo maana nasema Jagari kwenda kufundisha halikuwa fumbo la kisanii. Mwalimu alikuwa na mshahara.

#24 Binti Nkana
Mwalimu wa Zambia wa miaka ya 1980 na mshahara? Shaba na Fedha, wewe ulikuwa mhasibu wa wapi hasa?

#25 Chipukizi wa Mbeya
Wakubwa, naomba mwongozo. Nimebakiwa na Lukombo Vibes sijaisikiliza. Naiweka upande wa Mwanasanturi au wa Besi la Zamani?

#26 Mtu wa Reli
Hiyo ndiyo ya kukuchanganya kabisa. Gitaa la Mbewe bado lipo, lakini midundo ya kienyeji imeingia mbele, na unasikia bendi inaanza kugeuka miaka minne kabla ya Movin' On, Jagari akiwa bado mbele ya kipaza sauti. Sikiliza kwanza besi na dramu, uimbaji uuache wa mwisho.

#27 Mwanasanturi
Nakubaliana na maelezo ya albamu, nakataa hitimisho linalonyemelea. Kugeuka si kuondoka.

#28 Besi la Zamani
Leo Jumamosi, tuna mazoezi saa kumi na mwimbaji wetu kahamia bendi nyingine tangu Alhamisi. Mwenye kujua kijana mwenye sauti ya kwanza aliye karibu na Ilala anitumie ujumbe. Ya WITCH nitayajibu kesho.